Kisasi cha Akina Yar: Jina Lililofichwa Ndani ya Mchezo wa Video

Walimu wa tafsiri katika vyuo vyetu wamezoea kuwapa wanafunzi matini za aina moja: hotuba, ripoti ya afya, tangazo la zabuni, pengine sura ya riwaya. Matini hizo zina faida zake. Lakini zipo matini fupi mno ambazo kwa maneno mawili au matatu humpa mfasiri kazi kubwa kuliko ukurasa mzima wa ripoti. Makala hii inajadili mojawapo, nayo ni jina la mchezo wa video uliotolewa na kampuni ya Atari ya Marekani mwaka 1982, yaani Yars' Revenge. Wanafunzi wetu wengi wanaocheza gemu kwenye simu hawajawahi kuuona mchezo huo, na si ajabu, maana umewazidi umri. Hata hivyo, fumbo lililomo ndani ya jina lake ni la kilugha, na mfasiri asiyelijua atalivunja bila kujua kwamba amevunja kitu.

Ili tulielewe jina, hatuna budi kuuelewa mchezo. Na ili tuuelewe mchezo, yatupasa kuijua kidogo mashine iliyouchezesha. Msomaji asiyependa habari za mashine anaombwa avumilie kurasa hizi za mwanzo. Lugha itafika.

Mchezo wenyewe

Mchezaji humwongoza Yar, mdudu wa angani anayefanana na nzi. Kijitabu kilichouzwa pamoja na mchezo kinasimulia kwamba akina Yar ni vizazi vya nzi wa kawaida wa nyumbani. Nzi hao walisafiri ndani ya chombo cha anga kutoka duniani bila kualikwa na mtu, wakafika kwenye sayari za mbali ziitwazo Razak, wakabadilika huko na kuwa viumbe wenye akili. Adui yao, Qotile, ameiangamiza sayari yao mojawapo, Razak ya Nne. Kisasi kinachotajwa kwenye jina ni hicho. Ndani ya boksi mlikuwamo pia kitabu chembamba cha katuni kilichoieleza hadithi hiyo kwa picha, kwa sababu picha za kwenye skrini zisingeweza kueleza hata robo yake.

Kwenye skrini, Yar yuko upande wa kushoto. Qotile yuko kulia kabisa, nyuma ya ngao iliyojengwa kwa vipande vidogo vidogo kama matofali. Ngao huwa na umbo la upinde, au la mstatili ambao vipande vyake havitulii mahali pamoja. Kati ya maadui hao wawili kuna ukanda mpana unaosimama wima kutoka juu hadi chini ya skrini, unaometameta kwa rangi nyingi kama kitambaa kinachopigwa na upepo. Tutaurudia ukanda huo, maana ndani yake kuna jambo la kushangaza.

Yar ana njia mbili za kuibomoa ngao. Anaweza kuipiga risasi kutoka mbali, naye hupata pointi 69 kwa kila kipande. Au anaweza kuisogelea na kuitafuna kwa mdomo, naye hupata pointi 169. Kutafuna ni hatari zaidi kwa sababu humpeleka karibu na adui, lakini kuna zawadi nyingine mbali na pointi: akiisha kutafuna kipande, mzinga mkubwa uitwao Zorlon hujitokeza kwenye ukingo wa kushoto wa skrini. Silaha inayoweza kummaliza Qotile ni mzinga huo. Risasi ndogo za Yar haziwezi.

Mzinga haujiendi. Hupanda Yar anapopanda, hushuka anaposhuka, kila mara ukiwa sawasawa naye. Msomaji ameshaona tatizo. Ikiwa mzinga uko nyuma yangu, tena umenielekea, basi nikiufyatua mimi ndiye wa kwanza kuwa njiani! Na ndivyo ilivyo. Mchezaji hulenga kwa mwili wake mwenyewe, hubonyeza kitufe, kisha huruka pembeni haraka kabla risasi haijamfikia. Akichelewa, amejiua kwa silaha yake.

Qotile naye hakai bure. Ana kombora linalomfuata Yar polepole popote aendapo, na kombora hilo haliharibiki. Yar akijificha ndani ya ule ukanda wa katikati, kombora halimdhuru. Lakini akiwa humo hawezi kufyatua risasi zake. Kila baada ya muda Qotile hugeuka kuwa kisulisuli, huzunguka kidogo mahali pake kama anayetafuta shabaha, kisha humrukia Yar kwa kasi. Dhidi ya kisulisuli ukanda haumkingi mtu. Anayempiga Qotile akiwa katika umbo lake la kawaida hupata pointi 1000. Anayekipiga kisulisuli kikiwa bado kimekaa mahali pake hupata 2000. Anayekipiga kikiwa hewani hupata 6000 na uhai wa ziada.

Kwa maoni yangu, siri ya mchezo huu iko hapo: hakuna mahali pa usalama pasipo na gharama yake. Michezo mingi ya kupigana angani ya miaka ile ilimtaka mchezaji apige na kukwepa, basi. Huu unamtaka aamue kila dakika kama anataka usalama au silaha, maana viwili hivyo havipatikani pamoja.

(Nimetumia neno "mzinga" kwa makusudi. Mwanafunzi atakayekumbuka kwamba mzinga ni wa nyuki pia, na kwamba shujaa wetu ni mdudu mwenye mabawa, ana haki ya kucheka. Kiingereza hakina mchezo huo wa maneno. Mara nyingine tafsiri huongeza.)

Mashine yenye kumbukumbu ndogo

Mashine iliyouchezesha mchezo huu ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1977, na baadaye ikajulikana kwa jina la Atari 2600. Iliunganishwa kwenye runinga ya nyumbani. Michezo yake iliuzwa katika katriji, moja baada ya nyingine, na mchezaji alishika mpini mmoja wenye kitufe kimoja. Bei yake ilipaswa kuwa ya mtu wa kawaida, kwa hiyo waliounda mashine walibana kila kitu walichoweza kubana.

Kumbukumbu yake ya kuandikia ilikuwa baiti 128. Tukichukulia kwamba herufi moja hukaa kwenye baiti moja, kumbukumbu hiyo haingetosha kuihifadhi aya unayoisoma sasa. Humo ndimo mlimopaswa kukaa kila kitu kinachobadilika mchezo unapoendelea: Yar yuko wapi, kombora liko wapi, vipande gani vya ngao vimekwisha kuliwa, pointi ngapi, uhai mngapi umebaki. Programu yenyewe ilikaa kwenye katriji yenye baiti 4,096. Makala hii, ikihesabiwa herufi kwa herufi, ingehitaji katriji takriban nne.

Lililo gumu zaidi ni kwamba mashine haikuwa na mahali pa kuihifadhi picha. Kompyuta ya leo huichora picha nzima katika kumbukumbu yake, kisha huipeleka kwenye kioo. Atari 2600 haikuweza. Runinga za wakati ule zilichora picha kwa mwale wa elektroni uliopita mstari baada ya mstari, kutoka kushoto kwenda kulia na kutoka juu kwenda chini, mara 60 kwa sekunde kwa mfumo wa Marekani. Programu ililazimika kukimbizana na mwale huo. Kabla mwale haujafika kwenye mstari fulani, programu iwe imekwisha kuiambia mashine ni nini kitakachoonekana kwenye mstari huo. Na kwa kila mstari prosesa ilikuwa na mapigo 76 tu ya saa yake, kiasi kinachotosha amri ishirini na kitu hivi. Mistari inayoonekana ilikuwa kama 192. Hesabu za mchezo, kama vile kuongeza pointi au kumsogeza adui, ziliachiwa muda mfupi ambapo mwale ulikuwa unarudi juu kuanza picha mpya.

Vitu ambavyo mashine iliweza kuvichora vilikuwa vichache na vyenye mipaka. Vilikuwapo vichoro viwili vya nukta nane kwa upana, risasi mbili, mpira mmoja, na mandhari ya nyuma ya vipande vinene. Mashine ilikusudiwa kuchezesha michezo ya aina ya tenisi na mapigano ya vifaru: mchezaji wa kwanza, mchezaji wa pili, risasi zao, na mpira. Kila mchezo uliotengenezwa baadaye, ukiwamo huu wetu, ulipaswa kujibana ndani ya orodha hiyo.

Mwandishi wa programu ya Yars' Revenge ni Howard Scott Warshaw, aliyejiunga na Atari mwaka 1981. Huo ulikuwa mchezo wake wa kwanza. Awali alipewa kazi ya kuuleta nyumbani mchezo wa mashine za sarafu ulioitwa Star Castle, uliotolewa na kampuni ya Cinematronics mwaka 1980, ambamo mzinga hukaa katikati ya skrini ukilindwa na duara tatu zinazozunguka. Warshaw aliona kwamba mashine ya nyumbani haitaweza kuuiga ila kwa namna ya aibu. Hivyo aliomba ruhusa ya kuchukua kanuni zake tu na kuzijenga upya kwa namna inayolingana na mashine aliyo nayo, akaruhusiwa. Walimu wa tafsiri hawahitaji kuelezwa zaidi. Hilo ndilo suala letu la kila siku la tafsiri sisisi na tafsiri huru, na Warshaw alichagua ya pili kwa sababu zilezile tunazowaambia wanafunzi.

Ukanda ulioandikwa kwa programu

Sasa turudi kwenye ukanda wa katikati. Kuuchora ukanda unaometameta bila kujirudiarudia kunahitaji data nyingi, na katriji ilikuwa imejaa. Warshaw alipata wapi data ya kuchorea? Aliitoa kwenye programu yenyewe. Alizichukua baiti za amri za mchezo, zilezile zinazomwongoza Yar na Qotile, akazipeleka kwenye skrini zichorwe kama picha. Kinachometameta pale ni maandishi ya mchezo.

Mfano utasaidia. Chukua namba 169. Prosesa ya mashine hii ikikutana na namba hiyo mahali inapotarajia amri, huisoma kuwa ni agizo la kuchukua namba inayofuata na kuiweka tayari kwa kazi. Ikikutana nayo mahali pa hesabu, ni mia moja sitini na tisa, kiasi kilekile cha pointi anazopata Yar kwa kutafuna kipande (sadfa hiyo, nadhani). Na ikipelekwa kwenye skrini, huwa nukta nane: washa, zima, washa, zima, washa, zima, zima, washa. Alama ni moja na usomaji ni wa aina tatu, na kinachoamua ni mahali ilipowekwa.

Mwalimu anayefundisha semantiki ameshajua nitakakoelekea. Neno "kaa" ni mnyama wa pwani mwenye magando, ni kipande cha mkaa wenye moto, na ni kitenzi. Neno lenyewe halitwambii lolote mpaka tulione katika sentensi. Wanafunzi wanaoona ugumu katika suala la maana na muktadha huenda wakalielewa upesi zaidi kwa mfano wa ukanda wa Warshaw kuliko kwa mifano ya vitabuni, hasa wale wanaosoma Kiswahili pamoja na kompyuta, ambao siku hizi si wachache.

Waandishi wasio na majina

Katika miaka hiyo Atari haikuruhusu majina ya waandishi wa programu yaonekane popote: si kwenye boksi, si kwenye kijitabu, si kwenye skrini. Mchezo mmoja kwa kawaida uliandikwa na mtu mmoja, peke yake, kwa miezi kadhaa; yeye ndiye aliyebuni kanuni, akachora, akatunga sauti, akaandika kila amri. Lakini aliyeununua aliona jina la kampuni tu. Rais wa Atari tangu mwaka 1978 alikuwa Ray Kassar, aliyetoka katika biashara ya nguo. Baadhi ya waandishi waliofanya kazi chini yake wamesimulia baadaye kwamba aliwalinganisha na wabunifu wa taulo, yaani watu wa kulipwa mshahara na kukaa kimya.

Mwaka 1979 wanne kati yao, David Crane, Larry Kaplan, Alan Miller na Bob Whitehead, waliondoka, wakashirikiana na Jim Levy kuanzisha kampuni ya Activision. Hiyo ilikuwa kampuni ya kwanza kutengeneza michezo ya mashine iliyouzwa na kampuni nyingine, nayo iliwataja waandishi wake. Mwingine, Warren Robinett, alichagua njia ya siri: katika mchezo wake Adventure, uliotoka mwaka 1980, alificha chumba ambacho anayekigundua huona jina la mwandishi limeandikwa ukutani. Uongozi haukujua mpaka mchezaji mmoja alipoiandikia kampuni barua kuuliza.

Warshaw naye alificha jina, lakini kwa namna mbili. Ya kwanza imo ndani ya mchezo. Mchezaji akikipiga kisulisuli hewani, kisha akafika mahali fulani kwenye skrini kwa wakati wake, mchezo husimama na herufi hizi hutokea: HSWWSH. Ni herufi za kwanza za majina yake matatu, zikisomwa kwenda na kurudi.

Ya pili imo kwenye jina la mchezo, wazi kabisa, juu ya boksi, mbele ya macho ya kila mtu. Yar, ikisomwa kutoka nyuma, ni Ray. Razak, ikisomwa kutoka nyuma na kurekebishwa kidogo tahajia, ni Kassar. Shujaa wa mchezo na sayari yake wamebeba jina la rais wa kampuni. Kisasi chenyewe, kama Warshaw alivyoeleza miaka ya baadaye, ni kisasi cha Ray dhidi ya Activision iliyomnyang'anya watu wake. Ameeleza pia jinsi alivyolilinda jina hilo lisibadilishwe na idara ya masoko: alimnong'oneza mtu wa idara hiyo kwamba ni heshima kwa rais, kwamba rais mwenyewe analijua jambo hilo, na kwamba ni siri. Rais hakuwa anajua chochote.

Ni vigumu kuamua kama hiyo ni sifa au kejeli. Mwandishi asiyeruhusiwa kuweka jina lake anaweka jina la mkubwa wake, kinyumenyume, na kumpa umbo la nzi. Wasomi wa fasihi yetu wanaojua jinsi washairi wa mwambao walivyofumba majina na shutuma ndani ya beti hawatashangaa, ingawa nzi ni jambo jipya.

Kinyume cha mdomo na kinyume cha karatasi

Hapa ndipo kazi ya mfasiri inapoanza. Kugeuza maneno ili asiyehusika asielewe si jambo geni kwetu. Watoto na vijana wa mwambao wana kinyume, ambamo silabi ya mwisho huletwa mwanzoni: rafiki huwa kirafi, nyumba huwa mbanyu. Wasomaji wetu wa hapa Uganda wanayo Ludikya katika Luganda, ambamo mukono, yaani mkono, huwa nokomu. Yote mawili ni ya mdomo. Hayamhitaji mtu ajue kusoma. Anahitaji tu sikio linalotambua silabi.

Kinyume cha Warshaw si cha namna hiyo. Yeye aligeuza herufi, si silabi. Ray kwa matamshi ya Kiingereza husikika kama "rei", na Yar husikika kama "yaa". Sauti hizo mbili hazina uhusiano wowote. Uhusiano uko kwenye maandishi peke yake. Mtu akiusikia mchezo ukitajwa redioni hawezi kulifumbua fumbo. Ni lazima alione limeandikwa.

Sasa mfasiri afanye nini? Wanafunzi wakiachiwa kazi hii, wengi huanza na utaratibu wa kawaida wa utohozi: konsonanti ya mwisho huongezewa irabu, kwa hiyo Yar anakuwa Yari. Ni utohozi mzuri kifonolojia. Lakini Yari ikigeuzwa inakuwa Iray, na rais wa Atari ametoweka. Irabu moja, iliyoongezwa kwa nia njema na kwa kufuata kanuni, imefuta saini.

Njia ya pili ni kuliacha jina kama lilivyo, Yar, kama tunavyoacha majina ya watu wa kigeni. Hii ndiyo niliyoifuata katika makala hii. Fumbo linabaki, ila linabaki kwa yule tu anayejua kwamba rais aliitwa Ray, tena kwa tahajia hiyo.

Njia ya tatu ni ya ujasiri zaidi, nayo inafaa kujaribiwa darasani hata kama haitachapishwa. Tulichukue jina la Ray Kassar kama Mswahili angelisikia, kisha tuligeuze kwa kinyume chetu. Rei ina silabi mbili, re na i. Kinyume chake ni Ire. Kassar kwa sikio letu ni Kasa. Kinyume chake ni Saka. Na tazama: saka ni kuwinda! Tumepata wadudu waitwao akina Ire, kutoka sayari ya Saka, wanaomsaka adui yao. Mtoto wa Lamu au wa Unguja angeweza kulifumbua fumbo hilo kwa sikio, jambo ambalo mtoto wa California hakuweza kulifanya kwa jina la asili. Mhakiki mkali atasema kwamba mfasiri amejichukulia uhuru mno. Namjibu kwamba Warshaw aliuchukua uhuru huohuo kwa Star Castle.

Wa nani, wangapi, na ni nani

Kuna kingamo kingine katika jina, kidogo kama nukta. Ni kile kialama kinachofuata herufi s katika neno Yars'. Katika Kiingereza, kialama kikikaa kabla ya s, mwenye kisasi ni mmoja; kikikaa baada yake, wenye kisasi ni wengi. Hapa kimekaa baada. Kwenye skrini yuko Yar mmoja tu, lakini jina linasema kwamba kisasi ni cha ukoo mzima. Waandishi wengi wa Kiingereza hulikosea jina hili, na kosa lao hubadilisha hadithi.

Kiswahili kinaionyeshaje tofauti hiyo? Kihusishi "cha" hakitusaidii, kwa sababu kinapatana na kisasi na si na mwenye kisasi. "Kisasi cha nzi": ni nzi mmoja au elfu? Haijulikani, maana nzi hana kiambishi kinachobadilika kwa wingi. Yar naye yuko hivyo. "Wayari" ingeonyesha wingi, lakini ingewafanya waonekane kabila la watu, tena ingeirudisha ile irabu ya mwisho tuliyoikataa. "Mayari" ingewakuza na kuwadharau kwa pamoja, na irabu ni ileile. Jibu ninaloliona zuri kuliko yote limo katika mazungumzo ya kila siku: akina. Tunasema akina Juma tukimaanisha Juma na wenzake, watu wa kwao. "Kisasi cha Akina Yar" hutaja wengi, hutaja undugu, na haliongezi hata herufi moja kwenye jina lenye siri.

Qotile ana tatizo lake. Katika makala hii nimesema "Qotile yuko", "anayempiga Qotile", kwa upatanisho wa viumbe hai. Je, ni halali? Kwenye skrini Qotile ni umbo lisilo na uso. Mwanafunzi anaweza kuandika "Qotile iko" na asiwe amekosea sarufi. Lakini atakuwa ameamua kwamba adui ni mashine, na kisasi dhidi ya mashine si kisasi, ni ubomoaji. Kiingereza kinamruhusu msimulizi akwepe swali hilo kwa kurasa nyingi. Kiswahili kinamdai jibu katika kitenzi cha kwanza kabisa. Na angalia kilichotokea hapo juu: nilipofika kwenye kisulisuli, sentensi zangu ziligeuka zenyewe zikawa "kikiwa hewani" na "anayekipiga", kana kwamba Qotile alipoanza kuzunguka aliacha kuwa mtu akawa kitu. Darasa likijadili kama mwandishi alipaswa kuendelea na upatanisho wa kiumbe hai hata hapo, saa nzima itapita.

Warshaw aliandika michezo mingine miwili iliyotoka mwaka huohuo wa 1982. Mmoja wao, uliotokana na filamu ya E.T., alipewa wiki tano tu auandike ili uwahi Krismasi. Mauzo yake yalikuwa pungufu mno ya nakala zilizotengenezwa, biashara yote ya michezo ya nyumbani ikaanguka Marekani mwaka 1983, na shehena ya katriji za Atari ikafukiwa jalalani huko Alamogordo, katika jimbo la New Mexico. Zilifukuliwa mwezi Aprili 2014, mwenyewe akiwapo. Wakati huo alikuwa amekwisha kusomea na kufanya kazi ya ushauri wa kisaikolojia. Yars' Revenge uliingizwa katika mkusanyiko wa Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York mwaka 2013, na safari hii jina la mwandishi limewekwa kwenye maelezo yake, likisomwa kutoka kushoto kwenda kulia.